Mzee Aliyeshika Tama

Nyumbani kwa bibi yangu, Muheza, mtoto hakuruhusiwa kushika tama. Ungeweza kukaa chini ukanyoosha miguu, ungeweza hata kulala kifudifudi ukumbini mchana kweupe, lakini ukiegemeza shavu kwenye kiganja na kuinamisha macho, hukumaliza hata wazo ulilokuwa nalo kabla ya kusikia sauti yake kutoka jikoni: "Ondoa huo mkono. Umefiwa na nani?" Kwake yeye mkono shavuni ulikuwa tangazo, na anayetangaza msiba usiokuwepo huwa anauita uje. Nilikua nikiogopa kiganja changu mwenyewe. Mpaka leo, nikijikuta peke yangu mezani nimeinama hivyo, mkono hushuka wenyewe kabla sijauambia.

Ndiyo maana picha ninayotaka kuizungumzia ilinishika kwa namna ambayo nadhani haimshiki mtu aliyelelewa kwingine. Ni picha ya rangi ya mafuta iliyochorwa juu ya ubao wa mwaloni mwaka 1630, katika mji wa Leiden, Uholanzi, na kijana aliyeitwa Rembrandt Harmenszoon van Rijn. Leo imo katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam, nayo hujulikana kama Yeremia akiomboleza kuangamizwa kwa Yerusalemu. Si kubwa: kimo chake ni sentimita 58 hivi na upana wake 46, kiasi ambacho mtu angeweza kuibeba kwapani. Ndani yake mzee mwenye kipara na ndevu ndefu zilizojaa mvi ameketi peke yake miongoni mwa mawe, nguzo nene ikiwa nyuma yake, kiwiko kimeegemea kitabu kikubwa, na shavu limelala juu ya mkono. Ameshika tama kama vile bibi yangu alivyokataza, wala hakuna wa kumwambia auondoe mkono.

Mimi sikuiona Amsterdam. Niliiona kwenye skrini ya kompyuta, kwa kuwa jumba hilo huziweka picha zake kwenye intaneti kwa ukubwa wa kutosha kuhesabu mikunjo ya kipaji, na yeyote anaweza kuzichukua bure. Nikaipeleka kwenye duka moja la steshenari hapa Tanga wanichapie kwenye karatasi ya A3. Iliyotoka ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Upande wote wa kushoto ulikuwa umemezwa na wino, na kilichobaki kilikuwa kipara, ndevu, na kidogo cha vazi. Nililipa, nikaikunja, nikaenda nayo nyumbani nikiwa nimenuna.

Jirani yangu, mzee aliyestaafu zamani kazi ya reli, alikuwa barazani kwake kama ilivyo desturi yake kila alasiri. Nilimwamkia, naye akataka kujua nimebeba nini, nikamkunjulia. Aliitazama karatasi ile nyeusi kwa muda, kisha akauliza swali lile lile la bibi yangu: "Huyu kafiwa na nani?" Nilimwambia hakufiwa na mtu, bali na mji. "Mji uko wapi?" Hapo ndipo nilipotambua kwamba duka lile lilikuwa limenichapia picha nyingine kabisa: mzee mwenye mawazo, basi, mzee wa aina ile inayopendwa kuwekwa kwenye kalenda na kuandikiwa chini yake maneno kuhusu hekima ya uzee.

Nakiri kwamba hata mimi niliianza picha hii kwa kuisoma hivyo. Karne ya 17 Ulaya ilijaa wazee wa rangi ya mafuta. Waholanzi walikuwa na soko zima la nyuso, zenyewe wakiziita tronie, yaani nyuso zisizo na jina, zilizochorwa kwa ajili ya ndevu zao, vilemba vyao na makunyanzi yao, na mteja akazinunua kama mtu anunuavyo mandhari ya bahari. Mzee aliyeinama alikuwa bidhaa nzuri. Alimkumbusha mwenye nyumba kifo, sala na kiasi, bila kumlazimisha afanye lolote. Na Rembrandt mwenyewe, katika miaka ile ya Leiden, aliuchora uso wa mzee huyu huyu mara kadhaa. Ndiye tunayemwona akiwa Mtume Petro gerezani katika picha ya mwaka 1631. Kwa muda mrefu watu walipenda kuamini kwamba alikuwa baba yake mchoraji, msaga nafaka Harmen Gerritszoon, aliyezikwa mwaka ule ule wa 1630. Lakini uko mchoro wa chaki nyekundu na nyeusi katika jumba la Ashmolean, Oxford, wenye jina la baba huyo limeandikwa chini yake, na mtu aliyemo ni mwingine kabisa. Kwa hiyo mzee wetu ni mtu wa Leiden asiye na jina aliyekubali kuketi, labda kwa ujira mdogo, huku kijana mwenye miaka 23 au 24 akimwambia aegemeze kichwa vizuri.

Baada ya wiki moja nilikwenda kwa wachapaji wa mabango, nikamwomba kijana wa pale aing'arishe kidogo na kuitoa kwenye karatasi ya A2, ambayo inakaribia sana ukubwa wa picha yenyewe. Safari hii mji ulitokea.

Uko kushoto kabisa, mbali, mdogo kuliko kiganja cha mzee. Kuna kuta, kuna jengo lenye kuba ambalo bila shaka ndilo Hekalu, kuna vijitu vya askari vilivyochorwa kwa mguso mmoja mmoja wa brashi, na kuna moto. Juu ya ngazi amesimama mtu mmoja ambaye ni vigumu kumwona usipoambiwa: ameziba macho yake kwa ngumi. Wanaoijua picha hii humtambua kuwa ni Sedekia, mfalme wa mwisho wa Yuda, ambaye Wababeli waliwachinja wanawe mbele ya macho yake, kisha wakampofusha, wakamfunga kwa minyororo na kumpeleka Babeli. Kitu cha mwisho alichokiona maishani ni watoto wake wakifa. Rembrandt amempa nafasi ambayo ukucha wa kidole gumba unaweza kuifunika.

Mzee hatazami huko. Nilikaa na jambo hili kwa muda mrefu, kwa sababu lilinisumbua: mtu anaomboleza mji, mji unaungua kwa nyuma, na yeye amegeuzia moto kisogo na kukodolea macho kitu ambacho hakimo ndani ya picha. Mchoraji mwingine angempandisha juu ya jiwe, angemwinulia mikono, angemfanya apige kelele. Nilimweleza jirani yangu shida yangu nilipompelekea karatasi ya pili. Alivaa miwani yake, akaisogeza karatasi mbali, akaisogeza karibu, akasema: "Hana haja ya kugeuka. Keshauona."

Sidhani alikuwa anakijua Kitabu cha Yeremia kwa urefu. Lakini ndivyo kilivyo. Yeremia alianza kutabiri katika mwaka wa 13 wa mfalme Yosia, na Yerusalemu ikaanguka yapata mwaka 586 kabla ya Kristo. Ni miaka 40 hivi. Katika miaka yote hiyo mtu huyu alikuwa akiuona moto ambao wengine hawakuuona, akiusema sokoni, akiusema malangoni, akiusema ndani ya ua wa Hekalu, huku manabii wengine, wenye sauti tamu zaidi, wakiwaambia watu kwamba kutakuwa na amani. Alivaa nira ya mti shingoni ili watu waelewe, na nabii mwenzake akaivunja mbele ya kadamnasi. Mfalme Yehoyakimu, mtangulizi wa Sedekia, alisomewa gombo lake wakati wa baridi, makaa yakiwaka mbele yake, na kila zilipokwisha kusomwa safu tatu au nne alizikata kwa kisu cha mwandishi na kuzitupa motoni, mpaka gombo zima likaisha. Yeremia aliketi tena na mwandishi wake Baruku, akayasema maneno yote upya, na mengine yakaongezwa.

Hilo ndilo linalonifanya nikitazame kwa makini kitabu kilicho chini ya kiwiko chake. Kimeandikwa BiBeL, neno ambalo Yeremia asingelijua, na tena ni kitabu cha kurasa na jalada, aina ambayo haikuwepo zama zake. Ni kosa la nyakati, na mwalimu wa historia angeliwekea alama nyekundu. Lakini kwangu lina uchungu wa aina yake: mzee ameegemea kitabu ambacho maneno yake yaliyowahi kuchomwa yamo ndani, na kitabu kile kwa wakati huo kinamfaa kama mto wa kuegemea tu. Kuyasema hakukuuokoa mji. Wala kuyaandika.

Kabla ya kuanguka kwa mji walikuwa wamekwisha kujaribu kumwua. Wakati Wababeli wameuzingira, wakuu wa Yerusalemu walimshusha kwa kamba ndani ya shimo la maji lisilokuwa na maji bali matope, naye akazama ndani ya matope yale. Aliyemtoa ni Ebedmeleki, Mkushi, mtu wa kusini mwa Misri aliyekuwa akitumika katika nyumba ya mfalme. Alikwenda kumwombea kwa mfalme, akapewa watu 30, kisha akafanya jambo dogo ambalo mwandishi wa kitabu hakutaka lisahaulike: alipita ghalani akachukua matambara na nguo kuukuu, akamteremshia, akamwambia ayaweke kwapani, chini ya kamba, ili zisimchubue atakapovutwa. Nimesikia mahubiri mengi kuhusu Yeremia, lakini sikumbuki hata moja lililosimama kwenye matambara yale. Mzee wa Rembrandt amevaa vazi zito lenye manyoya na tarizi za dhahabu, lakini kila nikitazama jinsi anavyouinamia mwili wake huyafikiria makwapa yale.

Na vazi hili lenyewe ni fumbo, kama vilivyo vyombo vilivyo kando yake. Uipunguze au uiongeze nuru unavyotaka, vyombo vile havifichiki: ni vya madini ya thamani, vimewekwa juu ya kitambaa kizuri, na Rembrandt ameupaka mng'ao wao kwa rangi nzito, tone kwa tone, kwa ustadi wa mtu anayejua kwamba mteja atasogeza pua kuviangalia. Jirani yangu aliviona mara moja. "Mji umeungua," alisema, "na yeye ana mali?" Aliuliza kwa sauti ya kushuku. Katika hadithi za vita alizowahi kuzisikia, anayebaki na dhahabu baada ya mji kuungua huwa si mtu wa kuaminika.

Jibu limo katika sura ya 40. Nebuzaradani, mkuu wa askari walinzi, mtu yule yule aliyeichoma nyumba ya Mungu na nyumba ya mfalme, alimfungua Yeremia minyororo, akamwambia achague: kwenda Babeli atunzwe, au kubaki popote apendapo. Kisha akampa chakula na zawadi na kumwacha aende. Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne ya 1, anazifanya zawadi zile kuwa za thamani kubwa, na inaelekea mchoraji alizifuata habari za namna hiyo. Wababeli walikuwa wamesikia kwamba mzee huyu alikuwa akiwaambia watu wake wasipigane, wajisalimishe. Kwa macho yao alikuwa mtu wao. Kwa macho ya wengi katika mji wake pia alikuwa mtu wao, yaani msaliti. Yule aliyeuchoma mji ndiye pekee aliyemshukuru.

Nadhani hapa ndipo picha hii inapoachana na wazee wote wa kalenda. Tumezoea kudhani kwamba mtu aliyeonya akapuuzwa, siku onyo linapotimia, hupata angalau faraja chungu ya kusema: niliwaambia. Kiswahili kina hata methali ya kumsaidia, kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mzee huyu ni mkuu mwenyewe, guu limevunjika mbele yake, wala hana sura ya aliyeshinda. Tafuta kwenye uso ule, kwenye kipaji kinachopokea nuru yote, kwenye kope zilizoshuka, kwenye mdomo uliofichwa na ndevu: hutaona hata chembe ya kusema niliwaambia. Alikuwa sahihi kwa miaka 40, na usahihi wake umemlipa sinia la dhahabu kutoka kwa adui.

Wachoraji wengine wa zama zile walikuwa na huruma zaidi kwa wazee wao. Caravaggio, miaka 25 hivi kabla, alimchora Mtakatifu Yeronimo akiandika, picha ambayo sasa iko Galleria Borghese, Roma. Huyo naye ni mzee peke yake, na fuvu la kichwa limewekwa juu ya kitabu mbele yake, lakini mkono wake umenyooka na kalamu imo vidoleni. Anafanya kazi, na kazi humtosha mtu kuwa mwenzake. Ribera, kule Napoli, aliwapa wazee wake ngozi za ombaomba, lakini mara nyingi aliwapa pia mbingu ya kuitazama. Yeremia wa Rembrandt hana kazi wala hatazami juu.

Mkao huo Ulaya ulikuwa na historia yake. Mwaka 1514 Albrecht Dürer alichonga kwenye bamba la shaba kiumbe mwenye mabawa aliyeegemeza shavu kwenye ngumi, akakiita Melencolia, na matabibu wa enzi hizo walifundisha kwamba watu wa namna hiyo wamezidiwa na nyongo nyeusi. Kwa hiyo Mholanzi wa mwaka 1630 aliyemwona mtu ameshika tama alielewa upesi kwamba hii ni huzuni ya mtu mwenye akili nyingi. Sisi tunayo tafsiri fupi zaidi, na kwa picha hii naona ni sahihi zaidi: msiba. Tena wale waliotafsiri kitabu cha Maombolezo kwa Kiswahili walipata bahati ambayo lugha nyingi hazina. Mji ulioachwa bila watu huitwa ukiwa, na mtu aliyeachwa bila watu huitwa mkiwa. Herufi moja tu mbele. Rembrandt hakujua Kiswahili, lakini ubao wake umegawanyika hivyo hivyo: kushoto ukiwa, kulia mkiwa.

Ningependa kujua vizuri zaidi yalikotoka haya kwa kijana wa miaka 24. Wapo wanaosema tu kwamba alikuwa na kipawa, na hilo ni kweli bila kueleza chochote. Constantijn Huygens, katibu wa mwanamfalme wa Uholanzi, alifika Leiden kipindi hicho hicho na akastaajabia picha ya Yuda akirudisha vile vipande 30 vya fedha, ya mwaka 1629. Ukiziweka picha hizo pamoja, Yuda aliyejuta, Petro gerezani na Yeremia huyu katikati, unaona kijana anayerudia rudia swali moja: mtu hufanya nini na mwili wake wakati jambo limekwisha haribika na haliwezi tena kurudishwa? Yuda amekunja mikono mpaka inauma kuitazama. Petro amepiga magoti karibu na funguo zake. Kwa Yeremia amepata jibu la utulivu kuliko yote, na kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote.

Lakini kuna jambo jingine ambalo ni la mji wenyewe. Leiden ilizingirwa na majeshi ya Hispania mwaka 1573, na baadaye tena, mpaka Oktoba 3, 1574, Waholanzi walipozibomoa kingo zao wenyewe, maji yakafurika mashamba, na mashua zikafika mjini zimebeba chakula. Watu kwa maelfu walikuwa wamekufa kwa njaa na tauni. Hadi leo kila Oktoba 3 wakazi wa Leiden hula samaki aina ya heringi na mkate mweupe kwa kuikumbuka siku hiyo. Sasa piga hesabu: aliyekuwa mtoto wa miaka 10 wakati wa mzingiro alikuwa na miaka 66 mwaka 1630. Mitaa aliyopita Rembrandt ilikuwa na wazee waliowahi kuzingirwa. Mji wao haukuungua, waliokolewa, wakaimba. Lakini sidhani kwamba kila mzee aliyekaa mlangoni pake Leiden alikuwa akikumbuka zile mashua tu.

Kuhusu ufundi wake nitasema kidogo, kwa sababu mimi si fundi. Ubao ulipakwa kwanza chokaa na gundi, kisha tabaka jembamba la rangi ya kahawia inayoelekea manjano, na penye kivuli aliiacha rangi hiyo ichungulie, kwa hiyo giza la picha hii lina joto ndani yake; ndilo giza ambalo mashine ya steshenari ililifanya lami. Penye nuru alirundika. Na penye mimea, kati ya mzee na mji, alifanya jambo ambalo amelifanya pia kwenye nywele za picha yake mwenyewe ya ujanani: aliigeuza brashi, akakwaruza rangi mbichi kwa mpini. Majani yale hayakuchorwa. Yamechunwa. Ukiikuza picha kwenye skrini unaiona mistari hiyo, myembamba, ya haraka, kama ya mtoto anayechora mchangani kwa kijiti, na katikati ya picha yenye utulivu mkubwa namna hii ndipo mahali pekee ambapo mkono wa kijana unaonekana ukikimbia.

Ubao huu umezunguka. Ulikaa kwa akina Stroganov, mabwana wakubwa wa St. Petersburg, kisha ukafika Uswidi, na mwaka 1939 Rijksmuseum ikaununua na kuurudisha Uholanzi. Mei 14 ya mwaka uliofuata ndege za Ujerumani ziliupiga Rotterdam mabomu, na katikati ya mji ikateketea. Sina la kuongeza hapo.

Jirani yangu alikuwa na pingamizi moja aliyoisema mwishoni, kwa adabu, kama mtu aliyeingoja chai iishe kwanza. Alisema kwamba kwao manabii hawachorwi, na ingawa mimi si Mwislamu niliona haya kidogo kwa kumletea nabii barazani mara mbili bila kumwuliza. Hata hivyo hakuirudisha karatasi. Alinikumbusha kwamba katika Sura ya Al-Baqara imo habari ya mtu aliyepita karibu na mji ulioanguka juu ya mapaa yake, akajiuliza vipi Mwenyezi Mungu atauhuisha baada ya kufa kwake, akafishwa miaka 100 kisha akafufuliwa, na chakula chake kikawa hakijaharibika. Wafasiri wengi husema mtu huyo ni Uzeri. Wapo wanaosema ni Irmiya, ndiye huyu. "Basi kama ndiye," alisema, "hajakaa hapo bure. Anauliza." Nilimwambia kwamba mimi naona amechoka kuuliza. Hatukukubaliana, na kwa kuwa alikuwa mkubwa kwangu nikaacha neno la mwisho liwe lake.

Kisha akataka kujua mzee alikwenda wapi baada ya pale, na kama alivichukua vile vyombo. Nilimletea Biblia nikamsomea, maana kuhusu vyombo Maandiko hayasemi tena lolote, lakini kuhusu mzee yanasema. Alikwenda Mispa, kwa Gedalia, aliyewekwa na Wababeli awe liwali juu ya maskini waliobaki. Gedalia akauawa. Waliobaki wakaogopa kisasi cha Wababeli, wakamwendea Yeremia, mdogo kwa mkubwa, wakamsihi awaombee, wakaapa kwamba safari hii watalitii jibu, likiwa jema likiwa baya. Alikaa siku 10. Ndipo akawaita, akawaambia wabaki katika nchi yao, wasiende Misri. Wakamwambia anasema uongo, wakafungasha virago, wakaenda Misri. Na yeye wakamchukua pamoja nao.